Kila Mmoja na Kwao: Audioslave, 2001–2007

Bendi nyingi za roki huanzishwa na vijana wa mtaa mmoja wasio na kitu. Audioslave ilianzishwa na wanaume wanne wenye jina, fedha na mashabiki tele. Walichokosa ni bendi. Kati ya mwaka 2001 na 2007 walitoa albamu tatu, wakauza mamilioni ya nakala, wakapiga muziki mbele ya makumi ya maelfu ya watu jijini Havana, kisha wakatawanyika bila hata ziara ya kuagana.

Mashabiki wengi wa muziki huu hueleza kifo cha bendi kwa mambo mawili: ama fedha ziliisha, ama watu waligombana. Kwa Audioslave fedha zilikuwepo, na ugomvi uliokuwepo ulikuwa wa kawaida kabisa kwa watu wanaofanya kazi pamoja. Kilichowamaliza kilikuwepo tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Wote wanne walikuwa na kwao kwingine, na bendi iliyojaa watu wenye kwao kwingine huishi kwa makubaliano yanayopaswa kufanywa upya kila msimu. Siku makubaliano yalipochosha, kila mtu alijua njia ya kurudi nyumbani.

Watatu wasio na mwimbaji

Tarehe 18 Oktoba 2000, Zack de la Rocha alitangaza kwamba anaondoka Rage Against the Machine, bendi ya Los Angeles iliyokuwa imekaa pamoja tangu 1991. Alieleza kuwa namna yao ya kufikia maamuzi ilikuwa imeshindikana kabisa. Rage walikuwa wameunganisha gitaa zito la metali na uimbaji wa hip hop, na juu yake wakaweka siasa kali za mrengo wa kushoto. Maneno yote yalitoka kwa de la Rocha. Alipoondoka, wakabaki Tom Morello kwenye gitaa, Tim Commerford kwenye besi na Brad Wilk kwenye dramu: mtambo mzima wa muziki, ila hauna mdomo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kusimama kidogo kwa Morello. Baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya aliyeiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa. Mama yake, Mary Morello, mwalimu kutoka jimbo la Illinois, alikutana na Njoroge jijini Nairobi mwaka 1963, mwaka Kenya ilipopata uhuru. Tom alizaliwa Harlem, New York, mwezi Mei mwaka uliofuata. Baba alirejea Kenya mtoto akiwa bado mchanga, na mama akamlea peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, Illinois. Kijana akasoma Harvard, akamaliza 1986, akafunga virago kwenda California kutafuta bendi.

Upigaji wake haukufanana na wa mtu mwingine. Wapiga gitaa wa metali walishindana kwa kasi ya vidole. Yeye alishughulika zaidi na swichi, nyaya na vikanyagio. Alizimazima na kuwasha sauti kwa swichi ndogo ya gitaa huku mkono wa pili ukisugua nyuzi, mpaka ukadhani ni DJ anayekwaruza sahani ya santuri. Sauti hiyo ndiyo iliyobaki mkononi mwa wale watatu mwishoni mwa 2000, na walijua hawawezi kuizika.

Mtu wa kuwaonyesha njia alikuwa Rick Rubin, prodyuza mwenye ndevu ndefu aliyeshiriki kuanzisha lebo ya Def Jam miaka ya 1980, na ambaye alikuwa ametoka tu kutengeneza nao Renegades, albamu ya mwisho ya Rage. Rubin aliwafanyia mambo mawili. Kwanza aliwashauri waende kwa mshauri, Phil Towle, ambaye baadaye alijulikana kwa kuwasaidia Metallica, ili wayamalize machungu ya kuachwa kabla ya kuanza jambo jipya. Pili, aliwapigia wimbo wa Soundgarden uitwao "Slaves & Bulldozers" ili waisikie upya sauti ya Chris Cornell.

Cornell alitoka Seattle. Soundgarden, bendi aliyoiongoza tangu 1984, ilikuwa miongoni mwa zile zilizolipa tawi la metali mbadala umbo lake: uzito wa Black Sabbath, ukali wa panki, na mapigo yasiyohesabika kirahisi. Albamu yao Superunknown iliingia namba moja Marekani mwaka 1994. Miaka mitatu baadaye bendi ikavunjika, na Cornell akatoa albamu ya peke yake mwaka 1999, laini kuliko mashabiki wake walivyotarajia. Sauti yake iliweza kuanza chini kama mnong'ono wa mtu anayesali, ikapanda hadi ukelele unaopasua, yote katika ubeti mmoja. De la Rocha alikuwa anahubiri. Cornell alikuwa anaimba. Tofauti hiyo Rubin aliiona kuwa ndiyo faida yenyewe, kwa sababu mtu ambaye angemwiga de la Rocha angeigeuza bendi kuwa kivuli.

Walipokutana kwenye chumba cha mazoezi mwaka 2001, walitunga nyimbo 21 ndani ya siku 19. Kwa bendi za kiwango chao, ambazo huchukua mwaka mzima kubishania nyimbo kumi, kasi hiyo inaonyesha jambo moja: humo chumbani hapakuwa na tatizo. Matatizo yalikuwa yanasubiri nje ya mlango.

Wakwe wa pande mbili

Audioslave ilikuwa ndoa ambayo maharusi walipatana haraka na wakwe wakakataa kusalimiana. Wale watatu waliingia na mameneja wao, Cornell akaingia na wake, na mameneja hao hawakuelewana. Wale watatu walikuwa na mkataba na Epic, kampuni ya Sony. Cornell alikuwa na Interscope, ya Universal. Kampuni mbili zinazoshindana sokoni zililazimika kumgawana mtoto mmoja, zikafikia muafaka wa kupokezana: albamu moja itoke kwa huyu, inayofuata kwa yule.

Hata jina lilikuja na bili. Kwa muda walijiita Civilian, kisha wakachagua Audioslave, ndipo ikagundulika kuwa Liverpool, Uingereza, kulikuwa na bendi ndogo iliyokuwa ikilitumia jina hilohilo tayari. Walilipa dola 30,000 ili pande zote mbili ziendelee kulitumia.

Machi 2002, albamu ikiwa karibu kukamilika na bendi ikiwa imeshatangazwa kwenye ziara kubwa ya Ozzfest ya kiangazi hicho, Cornell akajitoa. Mvutano wa mameneja ulikuwa umemfikisha ukomo. Hakuna onyesho hata moja lililokuwa limefanyika. Bendi ilikuwa imekufa kabla ya mtu yeyote kuisikia, au ndivyo ilivyodhaniwa, maana mwezi Mei rekodi 13 za majaribio zilivuja na kusambaa kwenye mitandao ya kubadilishana mafaili. Morello alilalamika kwamba zile ni kazi mbichi, nyingine zikiwa na mashairi na vipande vya gitaa ambavyo walishavibadilisha. Hata hivyo vijana waliokuwa wakipakua nyimbo usiku kwa laini za simu walizisikiliza bila kujali ubichi wake.

Dawa waliyoipata ilikuwa rahisi na kali: kuwafukuza wote. Wiki chache baada ya kuondoka, Cornell alirudi, mameneja wa pande zote wakaachishwa kazi, na kampuni moja mpya ikachukua usimamizi wa bendi nzima. Katika kipindi hichohicho Cornell aliingia kituo cha kutibu uraibu. Ndoa yake ilikuwa inavunjika na pombe ilikuwa imemzidi nguvu. Wenzake walimsubiri. Ni vema kulikumbuka hilo tunapofika mwisho wa habari hii, kwa sababu linaonyesha kuwa upendo haukukosekana.

Penseli juu ya nyuzi

Albamu ya kwanza, iliyoitwa kwa jina la bendi, ilitoka tarehe 19 Novemba 2002. Wiki ya kwanza iliuza nakala 162,000 na kuingia namba saba kwenye chati ya Billboard. Kwa miaka iliyofuata ikavuka milioni tatu Marekani peke yake.

Wimbo unaoifungua, "Cochise," umepewa jina la kiongozi wa Waapache aliyepigana na jeshi la Marekani karne ya 19. Unaanza kwa mngurumo unaosogea taratibu, tap-tap-tap, kama helikopta inayotokea nyuma ya kilima. Hakuna helikopta. Ni Morello anayegonga nyuzi za gitaa kwa penseli, huku kifaa cha mwangwi kikirudia kila pigo mara nyingi kwa haraka. Besi inaingia chini yake, kisha dramu, kisha gitaa lilelile linageuka ghafla na kuwa gitaa, zito na la moja kwa moja, na Cornell anaingia. Kwa dakika moja ya kwanza msikilizaji ameshaonyeshwa ile hesabu yote: ubunifu wa Rage, kifua cha Soundgarden, na nafasi kati yao ambayo hakuna bendi kati ya hizo mbili iliyowahi kuikalia.

Video yake, iliyoongozwa na Mark Romanek, ilipigwa usiku kwenye bwawa la Sepulveda, Los Angeles, bendi ikiwa juu ya mnara na fataki zikilipuka pande zote. Ilikuwa imepita kama mwaka mmoja tu tangu mashambulizi ya Septemba 11, na wakazi wa jirani walioshtushwa na milipuko wakaanza kupiga simu polisi. Onyesho lao la kwanza mbele ya umma, tarehe 25 Novemba, lilikuwa juu ya kibaraza cha mlango wa ukumbi wa Ed Sullivan, Broadway, kwa ajili ya kipindi cha David Letterman. Watazamaji walisimama barabarani wakiangalia juu.

Wimbo uliowafikisha mbali zaidi, "Like a Stone," ulikuwa kinyume cha kelele hizo. Ni wimbo wa mtu anayekaa akiwaza yatakayokuja baada ya kufa. Commerford, Wilk na Morello wanapiga kwa kujizuia, jambo ambalo Rage ilikuwa haiwapi nafasi ya kulifanya, na Cornell anauacha ubeti uende polepole. Ulifika namba moja kwenye chati mbili za redio za roki Marekani na ukasikika hata kwenye vituo visivyopiga metali kabisa. Kwa wapiga vyombo watatu waliozoea kuamsha maandamano, lilikuwa somo jipya: walikuwa wamepata uwanja ambao kwao hawakuwa nao.

Sheria ya kutogusa ya kale

Katika miaka hiyo ya mwanzo bendi ilijiwekea sharti. Jukwaani hapapigwi wimbo wa Rage wala wa Soundgarden. Watu waliolipa kiingilio watasikia Audioslave tu, pamoja na wimbo mmoja mmoja wa kuazima kwa bendi nyingine. Sharti lilikuwa la busara. Wakosoaji wengi walikuwa wanaiita bendi ya mastaa waliokodishwa, muungano wa kibiashara, na njia pekee ya kuwajibu ilikuwa kusimama kwa nyimbo zao wenyewe.

Kulikuwa na mapatano mengine, ya siasa. Cornell hakutaka kuimba ilani za mtu. Morello hakutaka kuacha harakati. Basi Morello akazipeleka kando: mwaka 2002 alianzisha shirika la Axis of Justice pamoja na Serj Tankian wa System of a Down, na kwenye matamasha likawa na banda la kugawa vipeperushi, huku nyimbo zikibaki na huzuni, imani na mashaka ya Cornell. Kila upande ulipata sehemu yake. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba karibu kila jambo ndani ya Audioslave lilikuwa na mstari wa mpaka uliochorwa kwa mazungumzo.

Albamu ya pili, Out of Exile, ilitoka Mei 2005 na kuingia moja kwa moja namba moja. Cornell alikuwa ameacha pombe na kuoa tena, na mashairi yake yalikuwa na mwanga ambao hakuwa amewahi kuuonyesha. Wiki chache kabla ya albamu hiyo kutoka, tarehe 6 Mei, bendi ilifanya jambo ambalo hakuna kundi la roki la Marekani lililokuwa limelifanya: onyesho la bure, uwanja wa wazi, jijini Havana. Ilibidi Wizara ya Fedha ya Marekani itoe kibali kwa sababu ya vikwazo dhidi ya Cuba, na mamlaka za muziki za Cuba zikubali pia. Jukwaa liliwekwa Tribuna Antiimperialista José Martí, uwanja uliojengwa mbele ya ofisi ya uwakilishi ya Marekani, ambako kwa kawaida watu walikusanyika kuilaani Marekani. Zaidi ya watu 50,000 walikuja. Bendi ikapiga nyimbo 26, orodha ndefu kuliko zote walizowahi kupiga.

Na ndani ya hizo 26 mlikuwa na nyimbo za Soundgarden na za Rage. Sharti lilikuwa limevunjwa mwaka huo, kwa hiari yao. Maelezo yao yalikuwa ya haki: tumeshajenga jina letu, sasa hatuna cha kuogopa. Cornell akaimba maneno ya de la Rocha, na wale watatu wakapiga nyimbo za Seattle kana kwamba walizizoea tangu utotoni. Waliohudhuria ziara ya mwaka huo walipata burudani maradufu.

Mwacha asili ni mtumwa, husema wahenga, na hakuna wa kuwalaumu kwa kuirudia asili yao. Lakini ukishazirudisha nyimbo za kale jukwaani, unamkumbusha kila mtu, pamoja na wewe mwenyewe, ulikotoka. Kuanzia hapo swali la lini Rage watarudiana, au Soundgarden, lilikuwa linaulizwa na orodha ya nyimbo yenyewe.

Albamu isiyo na ziara

Albamu ya tatu, Revelations, ilitengenezwa haraka, na safari hii hawakuwa na Rubin. Walimchukua Brendan O'Brien, aliyekuwa amezitengeneza albamu mbili za Rage na kuichanganya Superunknown ya Soundgarden. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyezijua nyumba zote mbili, alikuwa yeye. Matokeo yake ni albamu yenye funki na soul nyingi, mapigo ya Wilk yakiwa mepesi, gitaa likiacha nafasi. "Wide Awake" unawashtaki watawala kwa waliyoyafanya na wasiyoyafanya baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans mwaka 2005, wimbo wa karibu kabisa na siasa ambao Cornell alikubali kuuandika ndani ya bendi hii.

Ilitoka Septemba 2006, ikaingia namba mbili. Kisha kikafuata kimya. Ziara haikufanyika. Bendi ya roki yenye albamu mpya namba mbili isipokwenda barabarani, mjue kuna kitu. Cornell alikuwa na albamu ya peke yake mkononi na wimbo mkuu wa filamu ya James Bond, Casino Royale. Morello alikuwa anapiga gitaa la kawaida lisilo na umeme kwenye vilabu vidogo kwa jina la The Nightwatchman, akiimba siasa ambazo Audioslave haikuwa na mahali pa kuziweka. Kila mmoja alikuwa ameanza kujenga kibanda nje ya ua.

Tarehe 22 Januari 2007 ikatangazwa kuwa Rage Against the Machine, pamoja na de la Rocha, watapanda jukwaani kwenye tamasha la Coachella mwezi Aprili. Tarehe 15 Februari Cornell akatoa tamko fupi: anaondoka moja kwa moja, kwa sababu ya tofauti za tabia zisizotatulika na tofauti za muziki, na anawatakia wenzake heri. Watu waliunganisha tarehe hizo mbili na kusema Rage ndiyo iliyomfukuza. Cornell mwenyewe baadaye alitoa sababu isiyo na msisimko wowote, nami naiona kuwa ndiyo ya kweli zaidi: alikuwa amechoka na majadiliano yasiyokwisha, yaliyofanana na mazungumzo ya wanasiasa, kuhusu namna shughuli za Audioslave ziendeshwe. Yaani kile kilichomtoa Machi 2002 ndicho kilichomtoa Februari 2007. Mameneja walibadilishwa, hitaji la kujadiliana halikubadilika, kwa sababu lilitokana na watu wenyewe kuwa wa pande mbili.

Kilichobaki

Kila mtu alirudi kwao. Rage wakapiga maonyesho makubwa hadi 2011. Soundgarden wakaungana tena 2010 na kutoa albamu mpya miaka miwili baadaye. Audioslave walikutana mara moja tu, Januari 2017, jijini Los Angeles, wakapiga nyimbo tatu kwenye tamasha la kupinga kuapishwa kwa Donald Trump. Miezi minne baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei, Cornell alijiua hotelini Detroit baada ya onyesho la Soundgarden. Alikuwa na miaka 52. Mazungumzo yoyote ya kurudiana yalikoma hapo.

Jaribio la pili la wale watatu linatusaidia kulipima la kwanza. Mwaka 2016 Morello, Commerford na Wilk waliunda Prophets of Rage, safari hii na Chuck D wa Public Enemy na B-Real wa Cypress Hill. Hawakuweka sharti lolote la kutogusa ya kale. Nyimbo za Rage ndizo zilizokuwa mlo mkuu tangu onyesho la kwanza. Walitoa albamu moja ya studio, na Novemba 2019, ilipotangazwa kuwa Rage wanarudi, Prophets wakafunga kazi. Ilivunjika kwa mlango uleule ambao Audioslave ilitokea, ule wa nyumbani kwao kwa zamani.

Tofauti iko kwenye walichoacha. Prophets walijikinga chini ya paa la zamani, na leo ni nadra kumsikia mtu akiomba wimbo wao. Audioslave walikataa paa hilo kwa miaka karibu minne, wakalipia ukaidi huo kwa mameneja kufukuzwa, ziara kufutwa na vikao visivyokwisha, lakini ndani ya miaka hiyo wakatunga nyimbo ambazo zisingeweza kutoka Los Angeles peke yake wala Seattle peke yake. Bendi ya namna hii haiwezi kuahidi uzee. Anayeipima kwa miaka iliyoishi ataiona imeshindwa. Anayefungua albamu ya kwanza na kuisikiliza hadi mwisho atakuta kazi iliyokamilika, ambayo wanne hao hawakuhitaji kukaa pamoja maisha yao yote ili kuifanya.